Kichaka cha Nyuma ya Jiko

Shangazi yangu, ambaye ofisi nzima inamwita Mama Chai, ni mwongo wa daraja la kwanza, na nasema hivyo kwa heshima zote. Kwa miezi minne alituchemshia majani ya kichaka kilichoko nyuma ya jiko la ofisi, na watu wazima wenye tai wakaapa kuwa ni chai ya dukani, tena kali.

Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa mtwangaji wake. Siku za kazi ni karani wa masjala. Jumamosi tulichuma matawi, tukayakatakata, tukayaponda kwa mchi na kuyarundika mabichi chini ya gunia hadi yawe mekundu na kunukia kama asali. Yakishakauka, humdanganyi mtu kwa rangi wala harufu. Kinachokosekana ni kile kinachomnyima mtu usingizi.

Chanzo ni mkurugenzi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, usingizi umemkimbia, daktari akamkataza chai. Yeye akasema chai haachi, majani ya vichakani wale mbuzi. Shangazi hakubishana. Alipanga pakiti za ofisi kabatini bila kuzifungua, asije mtu akamwita mwizi, akabandika birika lake. Mwezi haukuisha mkurugenzi akaacha kutufokea, hata mashavu yakajaa.

Basi Jumatatu moja akatangaza kwamba kichaka kitakatwa Alhamisi ili ajenge banda la gari lake. Shangazi akaenda kumbembeleza.

"Bosi, kile kichaka kina faida."

"Faida gani, Mama? Kinafuga mijusi tu."

Alirudi jikoni amebana midomo. Nilimwonea huruma kweli, maana alikipanda kwa mkono wake mwaka alioanza kazi. Nikamwambia aseme ukweli.

"Nikisema sasa nitang'olewa mimi na kichaka changu," alinijibu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na hapa jikoni mkuu ni mimi."

Jumatano akafungua pakiti tatu za chai halisi, akazichemsha mpaka zikawa nyeusi tititi. Mkurugenzi alikunywa vikombe vyake vinne kama kawaida. Mhasibu, ambaye huwa anajifanya anajua kila kitu, alionja akakunja uso: "Leo umetubania majani, Mama."

Kesho yake asubuhi mkurugenzi aliingia jikoni moja kwa moja, macho mekundu.

"Mama, sijapata hata lepe la usingizi! Jana ulitia nini?"

"Majani ya chai, bosi."

"Na siku zote?"

Shangazi alinyoosha kidole dirishani. Nje, mkata miti alikuwa ameshainua panga.

Sijawahi kuona mtu mnene akipita mlangoni kwa kasi ile. "Acha! Acha!" Tai ilikuwa begani, kiatu kimoja kimebaki kizingitini. Alisimama mbele ya kichaka akihema, akamgeukia shangazi.

"Nani mwingine anajua?"

"Huyu tu, mtoto wa kaka yangu."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Iishie hapa hapa," alisema. "Na wewe karani, andika kichaka hiki kwenye orodha ya vifaa vya jiko."

Mkata miti akauliza, sasa akate nini? Mkurugenzi aliinua macho kwenye tawi kubwa la mti wa jirani, lile lililokuwa likitia kivuli gari lake.

"Kata lile," alisema. "Linakinyima jua."