Jiwe la Pompei na Malkia wa Chumvi

Kabla Jeanine hajaenda Roma, soko la Bwera lilikuwa na mdomo mmoja tu, wa Yayeri. Yayeri, mama yake Kule, aliuza chumvi ya mawe kutoka Katwe, na watu walinunua chumvi ili wapate hadithi: jinsi kiboko alivyomwazima mwavuli, jinsi theluji ya mlimani ilivyomfuata mpaka jikoni ikaomba chai. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyeondoka.

Mwaka 1975, Mwaka Mtakatifu wa Wakatoliki, Jeanine, mke wa Anselme mnunuzi wa kahawa aliyetoka Beni ng'ambo ya mpaka, akachaguliwa kwenda Roma na mahujaji. Akarudi na viatu vyekundu na jiwe jepesi lenye vitundu. Walipelekwa Pompei kusali kwa Bikira Maria, alisema, kisha wakatembezwa kwenye mji wa kale wa Warumi uliofukiwa na majivu ya mlima wa moto. Barabara zingali na mikwaruzo ya magurudumu. Mikate ilikutwa tanurini. Watu wamejikunja vilevile mauti yalivyowakuta.

Akaliweka jiwe kwenye beseni la maji, likaelea. Soko zima likahamia kwake, Yayeri akabaki na nzi. Kilichomchoma ni kwamba Jeanine alikuwa anasema kweli, tena bila kutoka jasho.

Siku ya soko iliyofuata Yayeri akaja na bonge la chumvi alilolichonga macho, mdomo na pua ya kiburi. Akalifunika kitenge, akatangaza kwamba chini ya ziwa la Katwe uko mji wa chumvi tupu, mkubwa kuliko huo wa Jeanine, na huyu ndiye malkia wake, aliyekataa kuukimbia moto kwa kuwa alikuwa hajamaliza kusukwa. Watu wakaanza kurudi. Yayeri akaona raha mpaka kwenye kucha. Akafunua kitenge.

Mbuzi wa Jeanine hakungoja mwisho wa hadithi. Alipenya katikati ya miguu ya watu akaanza kulamba. Kila mtu wa Bwera anajua mbuzi na chumvi ya Katwe. Ni wivu uliomsahaulisha Yayeri. Pua ikaisha.

“Mama Kule,” Jeanine akasema taratibu, “ule malkia yako iko inapungua.”

Soko likaangua kicheko. Yayeri akamwacha mbuzi alambe.

“Sasa mumeona,” akasema. “Munaulizaka sababu gani mutu haonake ule muji. Mbuzi yao ndiyo ilimaliza. Ilianza na nyumba ya mukubwa, ikamaliza na ukuta.”

Wakacheka tena, lakini safari hii wakiwa wameketi. Jeanine naye aliketi, jiwe mkononi.

Hapo Yayeri angetulia. Lakini soko lilipotawanyika alimfuata Jeanine nyuma ya stoo ya kahawa, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kaa la moto kwa jirani waliyenuniana naye:

“Ile mukate. Ilikuwa namna gani?”

“Nyeusi kama makaa. Ingali na alama ya kisu, mwenyewe alitaka kugawia watu.”

Miaka yote ya kutunga, na Yayeri alikuwa hajawahi kupata mkate kama ule. Akaondoka bila kuaga, amekasirika upya.