Fundi Anderson na Mianga ya Mkomazi

Kule Myamba, juu kwenye milima ya Wapare, mtu akinunua king'amuzi humwita Anderson Mshana. Ndiye anayepanda juu ya paa, akalifunga dishi, akaligeuza kidogo huku, kidogo kule, mpaka aliye ndani apige kelele, "Imeshika!" Kazi hiyo ameifanya miaka mingi, na kazi humjenga mtu lakini pia humvimbisha kichwa. Kwa kuwa alijua setilaiti ya king'amuzi kipi imekaa upande gani, Anderson aliamini kwamba mbingu yote iliyobaki nayo imo mkononi mwake. Mvua ikichelewa, aliulizwa yeye. Mwezi ukipatwa, alisimama mbele ya duka akaeleza bila kuulizwa. Mwenyewe siku hizi husema, "Nilikuwa na jibu la kila swali, na mengine niliyatoa kabla swali halijazaliwa."

Jioni moja ya Septemba, baada ya chakula, alikuwa ameketi nje na mkewe Agatha, ambaye alikuwa akichambua tangawizi za kupeleka gulioni. Nyumba yao imetazamana na bonde, na chini kabisa zimelala tambarare za Mkomazi, ambako giza likiingia huoni hata taa moja. Anderson aligeuza shingo amwambie mkewe jambo. Hapo hapo, upande wa kulia, mwanga ukapiga. Mweupe, umejipinda kama ukucha, ukazimika.

"Umeona?"

"Nini?"

"Mwanga. Kule juu ya Mkomazi."

Agatha aliinua macho. Nyota zilikuwepo, hakuna iliyohama. "Sijaona kitu, Baba Jenifer."

"Setilaiti," alisema Anderson, akajiweka vizuri kwenye kiti. "Zile zina vioo vya kuvuna umeme wa jua. Huku kwetu jua limeshazama, kule juu bado linazipiga. Kioo kikigeuka kinamulika mara moja tu, basi."

Yalikuwa maelezo mazuri, na kuhusu setilaiti yalikuwa ya kweli kabisa. Kasoro yake ni kwamba hayakuhusu kile alichokiona.

Mwanga ule ulirudi kesho yake, na keshokutwa, tena saa ambazo jua limeshaziacha hata hizo setilaiti. Anderson akabadilisha kauli. Sasa vilikuwa vimondo, mawe ya angani yanayoungua yakigusa hewa yetu. Lakini kimondo hukimbia, na mwanga huu ulisimama palepale kuliani, kama umepanga chumba. Basi akahamia kwenye radi: mawingu yanapigana huko baharini, upande wa Tanga, mwanga unafika na ngurumo inachoka njiani. Kila nadharia aliipeleka dukani, akaitetea kwa siku kadhaa, kisha akaleta nyingine bila kuizika ile ya kwanza. Wapare wanasifika kwa kupenda kesi. Anderson alikuwa ameifungulia kesi mbingu, na shahidi alikuwa yeye mwenyewe peke yake.

Hakubaki peke yake kwa muda mrefu. Amiri, rafiki yake wa siku nyingi, mfanyabiashara wa Makanya anayepanda kununua tangawizi, alisema naye ameuona mwanga huo akiwa njiani. Mzee Fredrick, mzee wa kanisa, alisema yeye anauona tangu mwezi uliopita, ila alikuwa akiuombea kimya kimya. Kwake ilikuwa ishara, na ishara hazihitaji fundi. Vijana wakaanza kutumiana kwenye simu picha za giza tupu, zimezungushiwa duara jekundu.

Jumamosi moja watu walijaa uani kwa Anderson. Agatha alipika sufuria kubwa la makande, maana huwezi kuwaita watu watazame mbingu na njaa. Anderson alisimama mbele yao, kidole juu, kama mtembeza watalii. Wakangoja. Akageuza macho upesi, na mwanga ukapiga.

"Ule pale!"

"Eeeeh!" waliitikia wote, kama kwaya.

Agatha peke yake alikaa kimya, mwiko mkononi. Watu walipoondoka alimwambia mumewe, "Mimi sikuona kitu."

"Ulikuwa unatazama sufuria."

"Nilikuwa nakutazama wewe. Kila ukisema 'ule pale', umeshageuza macho kwanza. Huo mwanga unakungoja wewe ugeuke?"

Anderson alimwambia kwamba mambo ya anga hayaelezeki kirahisi kwa mtu wa tangawizi. Maneno hayo, anasema, ndiyo angeyameza kwanza kama maneno yangekuwa yanamezeka.

Siku chache baadaye aliingia chooni jioni. Choo chao ni cha tofali, kimeezekwa bati, na mlango wake hufungwa kwa komeo. Alipogeuka kutafuta ndoo ya maji, mwanga ukapiga. Upande uleule, kulia.

Mtu mwingine hapo angejiuliza setilaiti imepitaje kwenye komeo. Anderson alijiuliza lakini hakukawia kupata jibu: bati lina tundu. Asubuhi alipanda juu ya choo na nyundo, akalikagua bati zima. Akaona tundu moja la msumari, dogo kama punje ya ulezi, akaliziba kwa lami, akashuka akiwa ameridhika. Jioni akaingia tena. Mwanga ukapiga.

"Mama Jenifer," aliita kutoka mle ndani, "lile bati tulinunua wapi?"

Kisha wakaja nzi. Walikuwa wadogo, weusi, wakielea mbele ya jicho la kulia, na kila alipowapiga kwa mkono hawakupatikana. Agatha alimkuta akipambana nao mezani, chai imepoa.

"Unampiga nani?"

"Nzi."

"Nzi gani, na asubuhi hii baridi imejaa mpaka jikoni?"

"Basi ni masizi. Watu wanachoma mashamba huko chini."

Asubuhi ya mwisho, na hapa Anderson akisimulia huwa hacheki, aliamka akaona kivuli kimeingia pembeni mwa jicho la kulia, upande wa pua, kama mtu ameanza kuvuta pazia. Alinyoosha mkono kuchukua kikombe, kikaanguka. Alianza kusema kwamba ni ukungu. Agatha alimziba jicho la kushoto kwa kiganja chake.

"Niambie unaona nini."

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Anderson hakuwa na maelezo. Agatha aliingia ndani akatoka na kitenge begani na mkoba. "Vaa viatu. Tunakwenda Same."

Kwenye kliniki ya macho walimkuta daktari wa kike anayeitwa Salha, umri kama wa binti yao.

"Shikamoo baba. Pole na safari. Tatizo nini?"

"Marahaba. Mimi ni fundi wa madishi," alianza Anderson, kisha akaeleza setilaiti, vimondo na radi za Tanga. Salha alimsikiliza kwa adabu huku akimtia matone ya dawa. Kisha akazima taa ya chumba.

"Fumba macho, baba. Yote mawili. Sasa bila kufumbua, yageuze upesi kulia, kushoto."

Anderson alifanya hivyo.

"Umeona mwanga?"

"Nimeona!" alisema kwa furaha ya mtu ambaye shahidi wake ametokea mahakamani.

"Umefumba macho, baba."

"Ndiyo."

"Na taa nimezima."

"Ndiyo."

"Na juu yetu kuna dari. Sasa hiyo mbingu imeingilia wapi?"

Kwenye giza lile Anderson alimsikia Agatha akikohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko kwa sababu ya mahali. Hata hapo, anakiri, ulimi wake ulikuwa tayari kusema kwamba pengine mwanga unapenya kope. Aliushika kwa meno.

Salha alimweleza taratibu. Ndani ya jicho kuna ute mzito kama jeli. Mtu akianza kuzeeka, ute huo hunywea na kuvuta ule utando wa nyuma, ambao ndio unaopokea picha. Utando huo hauna lugha nyingine. Ukivutwa hausemi unaumia, unasema umeona mwanga. Wengi huishia hapo bila madhara. Lakini wa Anderson ulikuwa umechanika na sasa ulikuwa unabanduka ukutani, kama chokaa ya nyumba iliyoingiwa na maji. Lile pazia ndilo hilo.

"Mbingu nzima niliitafuta, na jicho langu mwenyewe nikalisahau," Anderson alimwambia mkewe nje, akijaribu kucheka.

"Utacheka ukipona," alisema Agatha, akamshika mkono wakavuka barabara.

Siku hiyohiyo walipelekwa Moshi, na kesho yake akafanyiwa upasuaji. Madaktari waliurudisha utando mahali pake, wakauchoma kwa leza ushike, kisha wakajaza jicho gesi ya kuusukuma usibanduke tena. Baada ya hapo wakampa masharti mawili. La kwanza, kwa kuwa gesi hupanda juu na mpasuko ulikuwa nyuma, akae ameinamisha uso chini, mchana na usiku, mpaka aruhusiwe. Fundi wa madishi, ambaye hata sala ya chakula alikuwa akisali uso umeelekea juu, aliamriwa atazame sakafu.

Sharti la pili ndilo lililommaliza. "Usipande milimani," daktari alisema. "Ukipanda juu, gesi inatanuka ndani ya jicho, na jicho linaweza kuharibika. Kaa tambarare mpaka gesi iishe."

"Nyumbani kwangu ni Myamba."

"Basi kwa sasa huna nyumba."

Amiri ndiye aliyempokea. Kwake Makanya, pembeni ya barabara kuu, walimpa chumba cha mbele na godoro lenye mto uliotobolewa katikati, aweke uso. Salama, mke wa Amiri, alimletea chakula kwenye kigoda kilichowekwa chini ya pua yake. Anderson alijifunza kuwajua wageni kwa miguu yao. Aliamkia viatu. Siku moja alimpa mtu shikamoo kwa unyenyekevu mkubwa, akaambiwa ni fundi wa pikipiki, kijana mdogo, aliyeazima makubazi ya baba yake.

Ilikuwa katika siku hizo za kutazama sakafu ndipo alipoliuliza lile jambo.

"Amiri."

"Naam."

"Ulisema na wewe uliuona ule mwanga."

Miguu ya Amiri ilisogea kidogo. "Nilisema."

"Ulikuwa ndani ya jicho langu. Wewe uliuonea wapi?"

Kicheko kikamtoka Amiri kama maji yaliyovunja kingo. "Ndugu yangu, ule wa njiani nilikuunga mkono tu. Na Jumamosi ile ulinyoosha kidole kwa uhakika ule! Na watu wote 'Eeeh!' Na mimi nimeshakula makande ya shemeji sahani mbili. Ningesema sioni, ningeonekana kipofu na mlafi kwa wakati mmoja."

Anderson alicheka mpaka machozi yakadondoka moja kwa moja sakafuni, hayana shavu la kupitia. Salama alikimbia kutoka jikoni akiwafokea wote wawili: mgonjwa wa jicho hachekeshwi.

Gesi ilipoisha, Anderson alipanda kurudi Myamba. Jicho lilikuwa limepona kwa kiasi chake. Kusoma linasoma, ila mstari ulionyooka linauona umejikunja kidogo. Jumapili, baada ya ibada, watu walimzunguka uwanjani wakitaka habari, na yeye aliwasimulia yote: kioo cha setilaiti, radi za Tanga, lami juu ya choo, shikamoo ya makubazi. Watu walishika mbavu. "Mnajua msemo wa mjini, mtu akichanganyikiwa wanasema dishi limeyumba?" aliwaambia. "Mimi nimenyoosha madishi ya kata nzima. La kwangu liliyumba nikaenda kuilaumu setilaiti."

Ila wengine walikasirika. Mama mmoja alimwambia wazi, "La kwako lilikuwa jicho. Mimi niliuona kwa haya macho mawili, usiniondolee." Kijana mmoja akasema yeye aliona kabisa taa zikipita zimejipanga mstari mmoja, nyingi kama mabehewa ya treni. Hizo Anderson alizijua, ni setilaiti za intaneti zinazorushwa kwa mafungu, na ulimi ulimwasha. Akaeleza kwa kifupi, akanyamaza, jambo lililowashangaza watu kuliko upasuaji.

Jioni yake Mzee Fredrick alikuja nyumbani, bila fimbo yake na bila kuita hodi kwa sauti. Alizungukazunguka habari za tangawizi na mvua, kisha akasema, "Anderson. Ulisema hata ukifumba macho?"

"Hata nikifumba, mzee."

"Na gizani? Ukigeuza macho?"

Anderson alimtazama. Mzee alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Miezi michache nyuma, mbele ya swali kama hilo, Anderson angetoa nadharia tatu. "Mzee wangu," alisema, "mimi sijui. Kuna binti anaitwa Salha, yuko Same. Kesho tutakwenda wote."

"Waumini watasema nini? Niliwaambia ni ishara."

Agatha alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya tangawizi kwa ajili ya mgeni. "Watasema mzee wetu amewahi," alijibu. "Kunywa, ingali moto."

Walikwenda. Jicho la Mzee Fredrick lilionekana ni uzee tu: ute umejibandua wenyewe, utando uko salama, arudi akiona nzi wengi au pazia. Mzee alitoka kliniki ametiwa matone, mboni zimetanuka, jua la Same linamchoma, akashikilia bega la Anderson kama mtoto. Njia nzima mpaka stendi walikwenda hivyo, mmoja haoni karibu, mwingine anaona barabara imejikunja, wakibishana kwa sauti ni nani anayemwongoza mwenzake.