Likizo Niliyowapangia Wakulima

Nilidhani siku ya Nane Nane wakulima hupumzika. Nakiri mwenyewe mapema, kabla mke wangu hajawasimulia. Nimezaliwa Lukozi, juu ya Lushoto, katikati ya kabichi na viazi, nikasoma mpaka kidato cha nne, na bado akili yangu ikaniambia kuwa Sikukuu ya Wakulima ni siku ambayo mkulima anakaa nje ya nyumba yake, ananyoosha miguu. Kumbe tunaonyoosha miguu siku hiyo ni sisi wa maofisini.

Safari yenyewe sikuipenda. Mimi ni mtu wa kiti changu na redio yangu, hapa hapa Tanga. Hata harusi za mtaa wa pili huwa naomba nitumiwe picha. Lakini binti yetu Upendo, mwenye miaka minne, alikuwa anamjua bibi yake kama sauti inayotoka kwenye simu. Mara ya mwisho walipoonana, mtoto alilia mpaka mama yangu akamrudisha kwa mama yake, kisha akatupa mgongo, akaenda jikoni kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Ule mgongo wake umenikaa kichwani.

Mwaka ule Nane Nane ikaangukia Alhamisi. Nikaenda kwa dada wa utumishi na kalenda mkononi, kama mganga na ramli yake: nipe Jumatatu mpaka Jumatano, niongeze na Ijumaa, wikiendi zitajijaza zenyewe. Siku nne za likizo zikazaa tisa. Dada akauliza kama na hesabu za stoo huwa nazipiga hivyo hivyo. Akasaini.

Jumamosi asubuhi tukapanda basi. Mpaka Mombo nilikuwa mwanaume. Kona za kupandia Soni zilipoanza nilifumba macho, nikamwachia Mungu na dereva wagawane kazi. Upendo akauliza tukianguka tutafika mpaka kule mtoni. Mke wangu Zawadi akamjibu kwamba baba atatangulia.

Lukozi tulifika alasiri, ukungu umeshashuka. Mlango wa mama umefungwa kwa kamba. Jirani yetu Mama Singano, ambaye anatenganishwa nasi na mstari mmoja wa migomba, akatuambia watu wote wako bondeni kwenye karoti, kisha akanitazama viatu.

Jioni mama akarudi, matope mpaka magotini. Tukamwambia Upendo aamkie. Shikamoo haikutoka, mtoto akajifunika kwenye khanga ya mama yake. Mama akasema mwacheni, baridi imemshika. Kubadilisha mazungumzo, nikamweleza mpango wangu kwa madaha: Alhamisi wote tunapumzika nyumbani, bibi na mjukuu wanazoeana.

"Mwanangu," akasema, "Alhamisi ndiyo lori linapakia. Mjini mkikaa sikukuu, mnakula nini?"

Jumapili kanisani, matangazo baada ya mahubiri yalikuwa nusu ya ubatizo na nusu ya magunia. Kuanzia Jumatatu, mama alitoka alfajiri na kurudi mjukuu ameshalala. Zawadi akamfuata bondeni tangu siku ya kwanza. Mimi nilibaki na Upendo, tumejifunika blanketi karibu na moto, nalinda nyumba ambayo hakuna aliyetaka kuiiba. Ilipofika Jumatano nilianza kuogopa. Mama alisimama kando ya kitanda cha mtoto, mikono ameirudisha nyuma, asije akamgusa na baridi ya maji ya kuoshea karoti akaamka akilia. Nilikuwa nimemletea mjukuu wa kumtazama tu.

Nane Nane yenyewe, asubuhi, redioni viongozi walikuwa kwenye maonyesho wanaisifu kabichi kama wanaitolea posa. Zawadi akapita na ndoo, akaniuliza namsubiri nani. Nikazima redio, nikambeba Upendo, tukashuka bondeni.

Karoti za kwetu huoshwa kwa miguu. Zinamwagwa kijitoni, watu wanaingia na kuzikanyaga mpaka udongo uachie, ndipo zinajazwa kwenye magunia. Nilipewa gunia moja nilipeleke barabarani. Hatua chache tu nikateleza, nikakaa kwenye mfereji, gunia likakaa juu yangu. Wanawake walicheka. Upendo alicheka zaidi yao, mpaka akachuchumaa.

Mama, akiwa ndani ya maji, akamnyooshea mkono. "Njoo tumsaidie baba yako, yeye karoti zimemshinda."

Na mtoto akaenda. Alivua viatu mwenyewe, akaupokea ule mkono wa baridi, wakakanyaga wakiwa wameshikana mpaka lori likapiga honi. Hakuna aliyemkumbusha kuamkia. Mama hakuniangalia hata mara moja. Nami nikakaa pale maji ya mfereji yakinipita, sina haraka ya kuinuka.

Ijumaa na Jumamosi hawakuachana. Upendo alihamia kitanda cha bibi, akajifunza salamu ya Kisambaa, "onga mshi", akawasalimia hivyo majirani, mbuzi na kuku.

Jumapili, siku ya kurudi, alijifunga shingoni kwa bibi yake kando ya barabara, akatangaza kwamba hapandi gari na mimi. Mama akasema mtoto ashuke sasa, lakini mikono yake haikulegea hata kidogo. Hapo nilielewa kwamba watu wetu hawapangiwi siku. Unawafuata walipo, hata kama ni kwenye maji. Nilielewa hivyo, ila mazoea nayo ni mazoea: nikatoa simu, nikaanza kumweleza mama sikukuu gani mwakani inakaribiana na wikiendi. Mama Singano, aliyekuja kutusindikiza na mfuko wa viazi, alisikiliza kidogo, kisha akanikatiza:

"Baba Upendo, mlete huyu mtoto hata Jumanne tupu, umwache, uondoke. Wewe hapa tulikuwa tunakulisha tu."