Sensa ya Simu na Wageni Wasiokuwepo

Mnisamehe nikisimulia hili huku nimejifunika uso kwa kiganja, maana hata leo nikilikumbuka peke yangu jikoni huwa naguna kwa aibu mpaka jogoo wangu anageuka kunitazama, na kule Mlali nasikia watoto hawaniiti tena mjomba Mkude, wananiita mjomba wa wageni.

Chanzo chake ni kidude kisichozidi punje ya mtama. Kinaitwa sensa, kinakaa juu kabisa ya simu, kando ya ile spika ya sikioni, na kazi yake ni kuzima kioo ukiweka simu sikioni ili shavu lisibonyeze mambo. Ya kwangu ilikufa. Kioo kikawa kinabaki kinawaka, na shavu langu likaanza kufanya kazi lisizotumwa, mara likate simu, mara linyamazishe sauti, siku moja lilimpigia katekista katikati ya maongezi ya mbolea. Mdogo wangu Leonia, yule aliyeolewa Mlali, akawa ananilalamikia, "Kaka, kila nikikupigia unanikatia, una nini na mimi?" Sina kitu, mdogo wangu, ni shavu.

Ningeweza kuishi hivyo hivyo (simu zenyewe zilikuwa zinaingia mbili tatu kwa wiki, na moja ni ya kampuni ya simu), lakini Tekla, binti wa Leonia, akaletewa posa. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo baba anaweza kuongea mpaka akauke koo, mjomba asipotamka neno lake wageni hawana jibu la kurudi nalo. Na mjomba ni mimi, hayupo mwingine.

Nilipaswa kwenda. Kutoka hapa Mafiga mpaka Mlali si safari ya kufungia mizigo. Ila tangu mke wangu Anjela afariki, mwaka wa tatu huu, nimeacha kwenda huko kwenye shughuli, maana ukifika wanakutazama kwa huruma, wanakuuliza siku hizi unapikiwa na nani. Basi nikamdanganya Leonia.

"Jumamosi hiyo nina wageni wengi hapa nyumbani, siwezi kuwaacha."

"Wageni gani hao, kaka?"

"Watu wa kiwandani, wa enzi zile."

Tukakubaliana nitatoa neno langu kwa simu saa tisa alasiri, yeye ataiweka katikati ya mkeka kwa sauti kubwa, pande zote mbili zisikie. Sasa fikirieni mjomba anakata simu kwa shavu mbele ya wakwe! Ijumaa nikaenda mjini kwa fundi, kijana mpole, akaniambia, "Shikamoo mzee, iache, uje Jumatatu." Jumatatu nije kufanya nini wakati posa ni kesho? Nikanunua kwake hiyo sensa yenyewe, imefungwa kwenye kikaratasi, nikarudi nayo nyumbani, nikijisemea kwamba mimi niliyefunga mashine kubwa kubwa kiwandani mpaka nikastaafu siwezi kushindwa na punje ya mtama. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza.

Asubuhi ya Jumamosi nikaazima bisibisi ndogo kwa jirani yangu Mama Zuhura, fundi cherehani, nikafungua video ya jamaa mmoja anayeongea lugha nisiyoijua hata neno moja, nikapasha mgongo wa simu kwa pasi, nikaubandua kwa kisu cha jikoni. Sensa ikaingia vizuri, ila haikutaka kutulia, kwa hiyo nikaituliza kwa gundi ya viatu. Gundi nyingi. Skrubu mbili zikabaki mkononi (mpaka leo sijui zilitoka wapi), lakini simu ikawaka, nikajipigia makofi mwenyewe. Sikuijaribu kwa kupiga. Nilifikiria nimpigie nani asubuhi ile, nikakosa mtu, nikaiacha.

Saa tisa nilikuwa nimeshanyoa ndevu na kuvaa koti la kanisani, chini msuli, kwani nani ataona. Simu ikaita, nikapokea, nikaweka sikioni. Kioo kikazima tii, na sikioni kimya. "Haloo? Haloo, Leonia?" Kimya. Nikabonyeza kila kinachobonyezeka, giza. Nikajua nimeiua.

Kumbe haikufa (haya nilielezwa na fundi Jumatatu huku anakwangua gundi na kujizuia kucheka). Gundi ilikuwa imeziba sensa, simu ikadhani iko sikioni muda wote, ikagoma kuwasha kioo, na gundi hiyo hiyo ilikuwa imeziba spika. Wao sikuwasikia. Maiki iko chini ya simu, huko gundi haikufika, ilikuwa nzima kama siku ya kununuliwa, na kila nilichosema kilikuwa kinashuka moja kwa moja kwenye mkeka wa Mlali.

Na mimi nilisema, jamani. Hotuba nilikuwa nimeiandaa wiki nzima, iliniuma kuipoteza, nikaiweka simu mezani karibu na sahani, nikamgeukia jogoo aliyekuwa mlangoni nikamhutubia yeye. Nikamwita mshenga. Na kwa kuwa mjomba mwenye heshima zake hakubali upesi, nikaanza kwa ukali, nisikie tu inavyotoka:

"Nimesema hapana! Rudini kwenu! Tekla haolewi na mtu ambaye hata miguu yake sijaiona!"

Ilitoka vizuri mno. Nikairudia.

Halafu nguvu zikaniishia, nikakaa chini ya picha ya Anjela pale ukutani. Huwa naongea naye, sifichi. Nikamwambia, "Nilikuwa natania, mke wangu, mtoto mwenyewe wanamsifu, ningekubali. Tena wamenipigia mimi. Wamenikumbuka, na simu nimeiua kwa mikono yangu. Wageni nao sina, unajua mwenyewe, nimepika ugali wa mtu mmoja na bado umebaki. Kwenda siogopi. Naogopa kurudi, nifungue mlango halafu nisiwe na wa kumwambia shughuli ilikuwaje." Nikalia kidogo. Si kidogo.

Mara Mama Zuhura huyo, hodi hajamaliza ameshaingia, mtandio uko begani, simu yake mkononi.

"Mzee Mkude, nyamaza! Simu yako iko hewani! Mlali wanakusikia wote, tangu ulipokuwa unafoka!"

Leonia alikuwa na namba ya huyu jirani tangu msiba wa Anjela, ndiye aliyempigia. Nikaipokea simu yake kwa mikono miwili. Mdogo wangu alikuwa anahema.

"Kaka, uliposema rudini kwenu mshenga alishavaa viatu. Tekla analia. Wamesimama uani wanangoja. Jibu ni lipi?"

Nikasema nimekubali. Kisha nikasema tena kwa nguvu, "Nimekubali, wakae, wale!" Vigelegele vikapasuka huko, na mimi nikadhani yameisha. Ikaja sauti ya mzee mmoja wa upande wa kijana, taratibu, yenye adabu zote:

"Ahsante mjomba. Na hao wageni wako, wameshakula?"

Nilisikia watu wanabana kicheko. Mficha maradhi kilio humfichua, na changu kilikuwa kimeshafika mkekani kabla yangu. Mama Zuhura akatazama chini.

"Hawakuja, mzee," nikasema. "Sikuwaalika."

Hapo hakucheka mtu. Tekla akaichukua simu, bado pua imemziba, akasema, "Mjomba, miguu yake nitakuletea uione."

Na alimleta, Jumapili iliyofuata baada ya misa, na kabichi mbili za shambani. Kijana akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikaitazama miguu, ni miguu tu. Tulikula, tukacheka, wakaondoka saa kumi, nikaosha sahani tatu na nyumba ikawa ile ile.

Nimeapa sitafungua simu tena kwa kisu cha jikoni, wala kusingizia wageni. Fundi aliniwekea sensa nyingine, kioo kinazima na kuwaka inavyotakiwa, shavu langu limestaafu. Ila nimebaki na tabia moja ambayo sijamwambia mtu. Tukimaliza kuongea na kuagana sikati, nangoja wakate wao. Juzi Tekla alisema haya mjomba, usiku mwema, na hakukata. Nikasikia anaosha vyombo, nikasikia anamfukuza kuku. Sikusema kitu, nikakaa pale mezani nasikiliza.