Shoga yangu alifungua biashara yangu ya uji wa mzazi nikiwa ndani ya arobaini

Wakuu, heshima zenu. Walio umri wa mama yangu, shikamooni.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Tanga mjini, sijaongeza chumvi. Aliyenitenda akipita humu atajijua. Sijali.

Nina mtoto mmoja, ana miezi mitano. Naandika yuko kifuani amelala, so mkiona herufi zimerukaruka mjue natumia mkono mmoja.

Nilipojifungua, mama mkwe alikuja kutoka Kigombe kunilea. Watu wa pwani mnajua, siku arobaini mzazi hatoki nje. Unakandwa maji ya moto, unakula, unanyonyesha. Na kila asubuhi uji wa pilipili manga, unawasha mpaka masikioni.

Siku ya kumi na mbili kukatokea msiba kwao. Mama mkwe akaondoka siku mbili. Mume wangu kazi yake iko Horohoro, anarudi mwisho wa wiki.

Wakuu, njaa ya mzazi isikieni kwa jirani tu. Mtoto amekunyonya usiku kucha, kunakucha huna nguvu hata ya kuwasha jiko. Nilikula mkate mkavu huku nalia.

Nikajiuliza, walioolewa mbali na kwao, hawana mama wala mkwe karibu, wanaishije?

Ndipo idea ikaja. Uji wa mzazi, umeshapikwa, uko kwenye chupa ya chai, unaletewa mpaka mlangoni. Kibarua changu cha dukani kilikufa tumbo lilipoanza kuonekana, nikasema hii ndiyo itakuwa kazi yangu.

Sasa kosa langu. Mzazi haendi kwa watu, watu ndio wanakuja kwake. Na ukishafungiwa ndani wiki mbili, yeyote anayeingia unammwagia yote yaliyo moyoni.

Mimi nilimmwagia Zai.

Zai ni shoga yangu tangu form one. Hana mtoto. Alikuwa anakuja kila siku kunifulia nepi, hilo silikatai. Nikamwambia kila kitu: vipimo vya pilipili, tangawizi, tuanze mtaa gani, hata jina la biashara. Anasikiliza, anauliza maswali, mimi nafurahi kumbe nafundisha.

Siku moja akaazima chupa yangu kubwa, ile ya maua ya bluu, mfuniko umefungwa mpira mwekundu. Alisema ana wageni.

Siku ya ishirini na sita nafungua status ya Zai. UJI WA MZAZI, TUNAKULETEA MLANGONI. Jina lile lile nililompa mimi. Na kwenye picha, chupa yangu! Na mpira wake mwekundu!

Nilijifunga kanga nitoke. Mama mkwe kakaa mlangoni anachambua mchele.

"Wapi?"

"Kwa Zai, mama. Nakwenda kumng'oa meno."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Basi meno yake yatakungoja, hayana miguu. Rudi kitandani."

Nikamtumia Zai voice note ya dakika saba. Nyumba yetu haina dari, mama mkwe akasikia yote, akaja akaninyang'anya simu. "Uji huo mimi nimeunywa kabla hujazaliwa. Utamshitaki na bibi yangu?"

Iliniuma kwa sababu ana hoja. Uji si wangu. Lakini kuwapelekea wasio na mtu, hilo nililitoa kwenye njaa yangu mwenyewe. Siku kumi na nne nikawa nasikia bodaboda inapita nje asubuhi, najua imebeba nini.

Siku ya arobaini na moja, mtoto mgongoni, nikaenda.

Zai alikuwa uani, masufuria mawili motoni, jasho linamtoka, simu inaita. Chupa yangu iko juu ya kigoda. Sikusalimia. Nikaibeba.

"Shoga, ngoja, hiyo chupa..."

"Shoga yako kafa! Idea umechukua, chupa hupati."

Nafika nyumbani naitua mezani, naona nzito. Imejaa. Ubavuni kuna plasta imeandikwa: Mwalimu, geti la kijani nyuma ya msikiti, mtoto siku tisa.

Ilikuwa saa nne. Saa nne asubuhi ndiyo unampelekea mzazi uji? Mzazi anautaka saa kumi na mbili! Huyo mwanamke ana njaa tangu alfajiri, na uji wake sasa uko kwangu.

Niliizunguka ile meza. Nilitaka Zai aumbuke, ampoteze mteja. Lakini mwalimu hakuniibia kitu.

Nikaenda kwa miguu, natukana njia nzima.

Mwalimu kwao ni milimani, Lushoto, Mlutheri, kapangiwa kazi huku, na mume yuko masomoni. Alinifungulia mtoto analia na yeye analia. Hata uji hakuuangalia.

"Dada, unajua kumwogesha? Mimi kitovu naogopa kukigusa."

Nikamlaza wangu, nikamwogesha wake, nikampaka mafuta, nikamfunga vizuri. Kugeuka, mwalimu amesinzia kwenye kiti, bakuli tupu mapajani. Alilala saa mbili nzima. Mimi nimekaa na watoto wawili, hasira imedondoka sijui wapi.

Alipozinduka, cha kwanza: "Kesho utakuja?"

Wakuu, Zai alichukua yote niliyomwambia. Hili hakuweza kulichukua, maana hata mimi sikujua ninalo.

Sasa hivi nina wazazi watatu. Saa kumi na mbili niko mlangoni, mwanangu mgongoni. Naogesha, nakanda kama mama mkwe alivyonifundisha, mzazi analala. Mmoja wao kaelekezwa kwangu na Zai mwenyewe, nimekuja kujua baadaye.

Hatujapatana. Nilimwambia usoni kwamba ameniibia. Akalia, akasema aliona nitachelewa na mwingine angewahi. Nilimwambia tu uji ufike saa kumi na mbili, na siku hizi unafika.

Chupa ya maua ya bluu iko kwangu, haiazimwi tena.

Mzazi akinimiminia kikombe cha uji wa Zai, nakunywa. Ni vipimo vyangu vile vile. Na ni mtamu, shetani yule.

Nilichojifunza: ukiwa ndani ya arobaini, funga mdomo. Na ukishawahiwa, acha kuhesabu meno ya mwenzio. Nenda kwa yule uliyetaka kumsaidia tangu mwanzo, umuulize bado anakosa nini.

Nyie mliowahiwa mlifanyaje? Na huyu Zai, nimsamehe au nimwache aendelee kuchemka? Semeni ukweli, ila taratibu, mtoto ndiyo anaamka hivi.