Vidonge Vitatu Kabla ya Posa

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu, maana jambo hili silisemi kwa sauti kubwa, ingawa najua hapa Cheyo, Tabora, kila nyumba imeshalisikia na wengine wanalisimulia vizuri kuliko mimi. Ni kweli, mimi ndiye yule mshenga aliyelala katikati ya posa. Tena sikusinzia kidogo tu kama watu wanavyosinzia wakati wa hotuba ya Ijumaa (hilo ningelikanusha), nililala, mdomo wazi, mbele ya wakwe, na nikiwa humo usingizini nikamkataa binti wa watu kwa niaba ya kijana ambaye alikuwa hali wala halali kwa ajili yake.

Lazima nianze na kichwa changu, la sivyo utaniona mlevi kama walivyoniona wao. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nimesumbuliwa na kipandauso. Kama hukijui, shukuru. Si kile kichwa cha kushinda juani ambacho ukinywa maji na kupumzika kinaondoka. Hiki huanza upande mmoja, nyuma ya jicho, kinagonga kama mtu anatwanga humo ndani, mwanga unakuwa adui, sauti ya cherehani yako mwenyewe inakuwa adui, halafu unatapika, halafu unashinda gizani umejifunga kanga ya mkeo kichwani na kazi za watu zimelala. Mwaka jana kilizidi, nikaenda hospitali, nikakutana na daktari mmoja binti mpole sana, akanieleza kwamba ziko dawa za kutuliza, ambazo mtu anakunywa kichwa kikishaanza, na ziko dawa za kuzuia, ambazo anakunywa kila siku hata kama haumwi popote. Mimi akaniandikia ya kuzuia, kidonge kimoja kila usiku. Akasema nisitegemee miujiza ya wiki moja, nivumilie, na akanitahadharisha kwamba itanikausha mdomo na kunipa usingizi, ndiyo maana inanywewa usiku. Nikamwambia nimeelewa, dawa hii si kiraka, ni bitana, kile kitambaa unachokishona ndani ya koti mapema ili koti lidumu, wala huwezi kukikimbilia siku koti limeshachanika. Akacheka, akasema hajawahi kusikia mgonjwa akilieleza vizuri hivyo. (Kumbuka sifa hiyo, kwa sababu kwenye mkasa huu hutasikia watu wengi wakinisifu.)

Na dawa ikafanya kazi. Vichwa vikapungua, nikarudi kucheka na wateja. Basi katika raha hiyo ndipo Hamisi, mtoto wa marehemu kaka yangu, akaja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akawa anachezea utepe wangu wa kupimia.

"Ba'mdogo," akasema mwishowe, "Zaituni kwao wamekubali tuje."

Zaituni ni binti wa Mzee Maganga wa Ziba, watu wa ng'ombe na mashamba. Na wamekubali tuje Jumamosi hiyo hiyo, kwa sababu kulikuwa na kijana wa Nzega naye ameshatuma watu kuulizia, na Mzee Maganga alikuwa amesema atawasikiliza wote halafu atatoa jibu moja. Hamisi akaniomba niwe mshenga. "Wewe ndiye unayejua kueleza mambo," akasema. "Usiniangushe."

Kwetu mshenga ndiye mdomo wa ukoo. Anaweza kufuatana na mtu, lakini huyo mwenzake ni shahidi tu, hafungui kinywa mpaka mshenga amkaribishe, na neno likishatoka kwa mshenga limetoka kwa ukoo mzima. Ndiyo maana nikaamua kujiandaa. Nikapanga maneno yangu yote, salamu, sifa za kijana, utani kidogo, na kila baada ya chakula cha jioni nikawa nayarudia mbele ya mke wangu, Mama Hidaya. Sasa, kile kidonge kingenilaza mapema. Nikajiambia, usiku mmoja bila dawa una ubaya gani? Na usiku uliofuata nikajiambia vilevile.

Jumamosi asubuhi nikaamka na shingo imekaza na miayo isiyoisha, na mimi miayo ya namna ile naijua, ndiyo mjumbe wa kipandauso. Nikaingiwa na hofu. Hebu fikiria mshenga anatapika kwenye ua wa wakwe. Nikachukua pakiti na kupiga hesabu zangu za kifundi: viwili nilivyoviruka, na kimoja cha usiku ule unaokuja, ili nikirudi nimechoka nisihangaike. Nikavimeza vyote na chai.

"Baba Hidaya, hivyo si vya usiku?" mke wangu akauliza.

"Nalipa deni," nikamjibu, nikajiona mjanja.

Tukaondoka na Noah ya kukodi, mimi na Mzee Sefu, jirani yangu, ambaye ndiye aliyekuwa shahidi. Mpaka Nzega nilikuwa mzima, naongea, namwonesha Mzee Sefu jinsi njia hizi zilivyopitwa na misafara ya wapagazi na mizigo kichwani, kwa miguu, wala hatujasikia kwamba walisinzia. Baada ya Nzega sikumbuki mengi.

Tulipofika Ziba tukapokewa vizuri mno. Shikamoo na marahaba, mwangaluka kwa wale wazee waliotaka kusalimiwa kwa kilugha, tukaingizwa sebuleni, tukakalishwa kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Mzee Maganga alikaa mbele yetu. Pembeni yake alikaa dada yake, Shangazi Nyanzala, mama mwenye macho makali aliyekuwa ndiye muulizaji. Mama yake Zaituni hatukumwona, maana mkwe hajioneshi ovyo, alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, ila ungeona vidole vya miguu yake chini ya pazia ukiangalia vizuri.

Nikaanza kuongea. Ulimi ukagoma. Mdomo ulikuwa umekauka kama unga, kila neno linanata kwenye fizi, nikaomba maji, nikaletewa, nikasema maneno mawili, nikaomba maji tena. Wakaniletea na maziwa mgando, nikayamaliza. Mzee Sefu akanong'ona, "Fundi, unakunywa kama ng'ombe wao." Halafu wenyeji wakachukua zamu ya kuongea, na Mzee Maganga ana sauti nzito ya taratibu, na kochi lilikuwa laini, na mimi nikasema moyoni nitafumba macho kidogo ili nimsikilize kwa makini.

Nikajikuta nyumbani. Naota niko mkekani, Mama Hidaya ananiongezea ugali, nikiinua mkono kumzuia, ananiongezea tena. Kumbe huko nje ya ndoto Shangazi Nyanzala alikuwa ananiuliza lile swali kubwa la posa, anauliza mara ya kwanza, anauliza mara ya pili, na Mzee Sefu, shahidi mwaminifu asiyeruhusiwa kusema, ananifinya paja kwa nguvu zake zote.

"Mshenga," akauliza mara ya tatu, "binti yetu mnamtaka kwa moyo mmoja?"

"Hapana, mama," nikajibu, kwa sauti safi kabisa, "inatosha. Nimeshiba."

Sauti yangu mwenyewe ikaniamsha. Nikafungua macho, nikaona kila mtu ananitazama, nikafuta mate kidevuni, nikatabasamu.

"Mmetoka Tabora mpaka hapa," Mzee Maganga akasema polepole, "kuja kutuambia mmeshiba?"

"Amekunywa huyu," Shangazi Nyanzala akasema. "Tangu aingie anadai maji. Mimi walevi nawajua, mume wangu wa kwanza alikuwa anaanza hivyo hivyo."

"Sijanywa, dada yangu, mimi pombe siijui. Ni dawa." Nikaingiza mkono mfukoni kwa haraka, nikatoa pakiti, nikaiweka mezani. "Ni vidonge vya kichwa. Nakunywa kila siku."

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana wewe unajua, katika posa watu wanachunguza magonjwa ya ukoo kuliko wanavyochunguza tabia. Shangazi akamgeukia kaka yake.

"Umesikia? Ugonjwa wa kichwa. Wa kila siku."

"Ni wazimu au kifafa?" Mzee Maganga akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza bei. "Na kijana anao?"

Nikamwona Hamisi akilini mwangu, na ule utepe wangu mkononi. Ningeweza kusema ni mafua. Lakini nilikuwa nimeshadanganya dawa asubuhi ile, sikuwa na nguvu ya kudanganya na watu, basi nikavuta pumzi, nikaomba maji tena (Shangazi akaguna), nikawaeleza kila kitu kama ninavyokueleza wewe. Kwamba si wazimu, si kifafa, hakiambukizi. Kwamba kinaitwa kipandauso, na kina dawa ya kukizuia. "Na sitawaficha," nikasema, "mara nyingine hufuata ukoo. Mama yetu alikuwa nacho. Kaka yangu, baba yake Hamisi, hakuwa nacho. Hamisi mpaka leo sijamwona akiumwa hivyo, ila kesho siijui." Halafu nikaeleza na vidonge vyangu vitatu, na ile ndoto ya ugali, kwa sababu hakukuwa na heshima iliyobaki ya kuilinda.

Hakuna aliyecheka. Mzee Sefu alikuwa anatazama mlango wa kutokea.

Ndipo pazia likatikisika. "Wifi," ikatoka sauti nyuma yake, "muulize huyo mshenga, hicho kichwa chake kinaanza upande mmoja?"

Shangazi Nyanzala akanigeukia kana kwamba sikusikia. "Anauliza kinaanza upande mmoja?"

"Mwambie ndiyo. Nyuma ya jicho."

"Anasema nyuma ya jicho."

"Muulize, mwanga unamchoma? Harufu ya vitunguu inamtapisha?"

"Mwambie hata harufu ya sabuni."

Kisha ile sauti, sasa haipiti tena kwa wifi yake, ikasema, "Baba Zaituni, miaka yote hii mnanifukizia ubani mnasema nina mashetani."

Mzee Maganga akatazama miguu yake mwenyewe. Shangazi Nyanzala, ambaye nadhani ndiye aliyekuwa mfukizaji mkuu, akaanza kunyoosha kitambaa cha kochi ambacho hakikuwa na kasoro yoyote.

"Mwambie mshenga aniachie hivyo vidonge," mama akasema.

Nilijua ninachotakiwa kujibu ili posa ipone. Pakiti ilikuwa pale pale mezani, na mkono wa Mzee Maganga ulikuwa umeshaanza kuifuata. Nikaivuta, nikairudisha mfukoni. "Nisamehe, mama yangu," nikasema, "hivi viliandikwa kwa mwili wangu. Wako hajaupima mtu, moyo wako na presha yako hatuvijui. Nenda hospitali uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Umeona mwenyewe leo dawa hii imenifanya nini mimi niliyeandikiwa."

Hapo Mzee Maganga akacheka. Alianza kwa tumbo, bila sauti, mpaka machozi. Alipotulia akasema, "Mtu anayekataa kumpa mama mkwe dawa siku ya posa, huyo si mwongo. Kijana tumemkubali, na wale wa Nzega tutawajulisha." Akaninyooshea kidole. "Lakini mshenga mtuletee mwingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Mara ya pili alikwenda Mzee Sefu kama mshenga, na kwa kuwa siku ile ya kwanza alifungwa mdomo, inasemekana aliongea mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Hamisi na Zaituni wanakaa Ipuli sasa, hapa hapa Tabora. Mama yake Zaituni alikwenda hospitali na amepata dawa yake, tofauti na yangu kabisa, kwa sababu kumbe ana pumu na mambo mengine ya kuangalia. Na mimi nilirudi kwa daktari wangu nikamsimulia, nikitegemea atacheka kama siku ya bitana. Hakucheka. Alinieleza kwamba kuishia kusinzia tu ni bahati, ningeweza kuanguka, au mapigo ya moyo yakavurugika, na akanikumbusha kwamba mwili hauna daftari la madeni.

Kwa hiyo kama nawe una dawa ya kila siku, usione aibu nayo, inywe, na muulize aliyekupa ufanye nini ukiisahau, maana kila dawa ina utaratibu wake. Kwa hii yangu utaratibu ni huu: kidonge ulichokiruka kiache, na usiku unaofuata, muda wako wa kulala ukifika, kunywa kimoja.