Katibu wa Wafugaji

Katibu wa umoja wetu wa wafugaji hapa Balangdalalu huandika polepole, mgongo ukiwa umeinama juu ya daftari, na kila akimaliza sentensi hutusomea kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Vidole vyake vina mipasuko. Vyama vya siasa vikileta kofia na kanga wakati wa kampeni, hupokea, hushukuru, kisha huwapa wajane. Sijamwona akivaa hata moja.

Mwaka huu kaka yake, Hilary, aligombea udiwani. Alikuja mkutanoni kwetu akaomba umoja umpigie kampeni.

“Dada yangu mdogo, tumenyonya ziwa moja,” alisema.

Katibu alikunja na kukunjua pembe ya shuka lake. “Kaka, kura yangu unayo. Lakini umoja huu si wangu. Wewe unatafuta kiti. Sisi tunatafuta njia ya ng'ombe kwenda majini, na tutamwomba yeyote atakayekikalia.”

Hilary alishindwa kwa kura kumi na nne. Wiki mbili baadaye katibu alituongoza kwa diwani mpya, wa chama kingine, na kabla ya mvua njia ikapimwa, ikawekewa mawe ya mipaka. Siku ya kwanza ng'ombe kupita, tulishangilia sana. Walipofika wa Hilary, mwenyewe hakuwepo. Mkewe ndiye aliyewachunga, naye hakumtazama katibu, wifi yake. Katibu akaingia katikati ya kundi, akamwekea jike mmoja mkono mgongoni, akatembea nao hadi majini.